Redio Yenye Majina Sita

Mwanangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanagoma. Nimeunda simu ndani ya redio ya marehemu mama yako. Ukizungusha swichi, mshale husimama kwenye jina la mtu badala ya stesheni, naye anapigiwa. Asipopokea, inakwaruza kama redio iliyopoteza mawimbi. Hilo nimeliweka makusudi.

Mwalimu jirani anataka kama hiyo, ila isikwaruze. Nikamwambia akanunue ya dukani. Za dukani mtu asipopokea hunyamaza, na nyumba hii ina ukimya wa kutosha.

Kwenye kioo cha redio niliandika majina sita. Matano nimeyafuta, wenyewe wametangulia mbele ya haki. Limebaki lako, binti yangu. Najua una kazi nyingi. Mimi huusikiliza mkwaruzo wako mpaka chai ipoe.

Baba yako, fundi asiyestaafu