Kimputu Chini ya Udongo

Jumatano, 1 Oktoba 1952

Nimefagia. Nimemwaga maji ya moto kwenye mipasuko ya sakafu, kama kila asubuhi. Haisaidii. Doa jipya la damu mkekani, na mkono wa mume wangu Ilunga umevimba. Anasema ni mbu. Fundi wa reli anajua injini, wadudu hawajui.

Kimputu ni kupe wa udongoni, si kupe wa mbwa. Kupe wa mbwa hung'ang'ania mwilini, unamwona, unamng'oa. Kimputu anakunyonya umelala, kisha anarudi ardhini. Homa yake ndiyo iliyoniharibia mimba ya kwanza. Hii ya sasa ina miezi sita. Naogopa. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mama mkwe amefika kutoka Mulongo, mashua hadi Bukama, kisha treni. Samaki wakavu, na furushi la majani ya buba, yale ambayo wavuvi wa kwao huyaponda na kuyatia majini mpaka samaki waelee. Atanyunyiza maji yake sakafuni.

Kwanza alitaka kujua kama kimputu ni wengi. Akaweka chungu cha uji wa moto katikati ya chumba, akafunga dirisha. Giza mchana. Tukangoja mlangoni. Alipofungua walikuwa wamekizunguka chungu. Wa kijivu, bapa, wametulia tuli.

"Banasikia joto ya muntu," alisema. "Banaweza kungoja miaka, bila kula."

Nyumba hii ya reli ilikaa tupu muda gani kabla yetu? Nimeuliza majirani. Hakuna anayejua.

Jumanne, 7 Oktoba

Buba imewapunguza, haikuwamaliza. Leo amekuja Ramazani, mtu wa usafi wa mtaa, mtoto wa wafanyabiashara wa Maniema. Pompi mgongoni, dawa mpya ya Wazungu. Kuta, sakafu, chini ya kitanda. Imekauka nyeupe kama unga wa muhogo.

"Mama, musioshe, musipanguse. Dawa inabakia, inaendelea kuua."

Nimemweleza mama mkwe vilevile, neno kwa neno.

Jioni mjusi alianguka kutoka ukutani, akatetemeka, akafa. Hakuna nzi. Hakuna nyenje. Sijawahi kusikia nyumba kimya hivi. Nafurahi, lakini sipendi kukaa ndani peke yangu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimerudi sokoni nikakuta nyumba inanukia udongo mbichi. Mama mkwe amesiliba sakafu yote kwa udongo mwekundu, kona hadi kona, alama za vidole vyake zimepangana. Hakuosha. Hakupangusa. Mtoto hapokelewi katika nyumba nyeupe, anasema, nyeupe ni ya bafu, ya wafu. Mgongo unamuuma, magoti yamechubuka.

Nimeguswa. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyenihangaikia hivi. Alasiri nimelala mkekani, chini, kwenye ubaridi. Raha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nalala chini kila alasiri. Mtoto anacheza sana.

Udongo umekauka, umeanza kupasuka. Leo nimefumbua macho, shavu langu karibu na sakafu. Katika mpasuko kulikuwa na kokoto ya kijivu. Nikaitazama. Ikajivuta ndani.

Nimehamia kitandani. Mama mkwe ameumwa na kimputu tangu utoto, hawamfanyi kitu. Mimi je? Na huyu wa tumboni?

Jumanne, 21 Oktoba

Homa. Kichwa kinapasuka. Ilunga hasemi tena habari za mbu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Homa imeshuka. Mtoto hachezi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele. Mama mkwe ndiye aliyemvisha kitambaa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Ramazani amekuja. Mama mkwe alikuwa kisimani. Ramazani akapiga magoti, akachimba udongo kwa msumari. Chini yake mstari mweupe. Dawa yote ipo, haijaguswa, imelala chini ya udongo kama imezikwa. Na kimputu juu yake, katika mipasuko mipya.

"Mulifunika dawa, Mama. Njo maana." Akafuta msumari. "Nani alisiliba?"

"Minyi mwenyewe," nilisema.

Alinitazama kwa huruma, akapulizia dawa upya juu ya udongo. Sikulia mpaka alipoondoka. Nilikuwa na hasira, hasira ya kweli, na sikuwa na pa kuiweka. Uwongo ule ulinitoka kabla sijaufikiria. Sijutii.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua. Mama mkwe anarudi Mulongo kesho. Asubuhi nilimkuta na beseni la udongo, amekunja mikono ya blauzi. Hataki kuniachia nyumba nyeupe.

Nilimwambia ni sheria mpya ya reli. Hakuna kusiliba tena, kwa nyumba zote.

"Bazungu na sheria yabo!" Akaenda kumwaga udongo nyuma ya nyumba.

Kisha akakaa karibu nami. Aliniuliza, kwa sauti ndogo, ni nini kilichompata mjukuu wake. Nilisema Mungu anajua. Akanishika mkono. Vidole vyake vigumu, vya kazi.

"Usiogope, mutoto yangu. Mimba ingine, nitakuja tena. Nitakutengenezea nyumba."

Nikamwambia karibu, Mama. Nikamwongezea chai.