Nyimbo Ulizozikataza Chumbani kwa Mama Yako

Nyumbani kwa mama yako,
Chumba cha mbele,
Jumatatu asubuhi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Mkeo hajambo? Mapacha wameshapona kikohozi, au bado wanapokezana kama walinzi wa zamu? Mimi ni mzima kwa kipimo cha umri wangu: macho yananitosha kusoma, magoti hayanitoshi kwa lolote. Mama yako, ambaye ndiye sababu ya barua hii, bado yu hai. Nimelitanguliza hilo kwa makusudi, ili moyo usikuruke.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulinikatia simu sentensi yangu ikiwa katikati. Sikulaumu. Mtu aliyeambiwa mama yake amekufa, kisha akaambiwa hajafa, ana haki ya kumkatia simu yeyote. Karatasi haikatiki, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mdogo wako ataipiga picha barua hii na kukutumia, maana posta ina mwendo wake na mama yako ana wake.

Kwanza, hali ya mgonjwa. Ule uvimbe wa ini umeshinda dawa. Daktari alituita pembeni, mimi na mdogo wako, akasema tumrudishe nyumbani, tusimsumbue tena kwa sindano. Mama yako hakuhitaji kufafanuliwa. Maisha yake yote alifua mashuka ya hospitali ileile. Aliwajua waliorudishwa nyumbani, na vitanda vyao alivitandua yeye. Sasa anakunywa kwa kijiko. Mashavu yamezama. Sikufichi.

Siku ile ya Jumamosi ni yeye aliyeomba kuimbiwa. Alitaka ule wimbo wa mji usiohitaji taa. Ngurumo, yule fundi viatu mwenye sauti ya besi, akaja na akina mama wa kwaya, wakaimba alasiri, madirisha wazi. Hawajamaliza hata ubeti wa pili, mwenye duka la jirani akashusha mlango wake wa bati, akaja mbio akipiga mayowe: “Mwenzangu, umeniacha na nani!” Nyuma yake vijana wa kanisani, mabenchi ya msiba vichwani.

Mama yako akainua kichwa kutoka kwenye mto. “Jamani, nani amekufa?”

“Si ni wewe!” akajibu mwenye duka, machozi yanamtiririka.

“Haya, karibu ukae. Lakini kabla hujakaa nipe maji, marehemu ana kiu.”

Tulicheka, mpwa wangu, kicheko cha watu walioishiwa. Hatukujua kwamba kijana mmoja ameshakupigia simu. Ukalia huko kazini, mbele ya wageni, kilio cha bure. Ndipo ukamwagiza mdogo wako kwamba wimbo wa maiti usisikike tena ndani ya nyumba ile. Mchungaji wetu kijana naye akakuunga mkono, eti kumwimbia mgonjwa habari za mbinguni ni kumfungulia mauti mlango.

Niruhusu nieleze kidogo. Ualimu ni ugonjwa usioponywa na kustaafu. Mwenye duka hakukosea. Alisikia kama tulivyomfundisha. Zamani nyimbo hizo tuliziimba kila Jumapili, hata arusini, na hakuna bibi arusi aliyezirai. Kisha ibada zetu zikaanza kujaa mambo mengine: kazi, mitihani, viwanja, safari za nje. Sisemi ni dhambi kuyaombea. Aliyetuumba na matumbo anajua kwamba tunakula. Ila kidogo kidogo tukawa tunamwendea kama mtu anayekwenda dukani, na mbingu tukaihamishia makaburini. Sasa, mlango unaofunguliwa siku ya kutoa maiti tu, watoto watauogopa, hata kama ng’ambo yake kuna bustani. Na mtu ambaye hakuzoea kuutazama akiwa na nguvu zake, siku akilazwa ataanzia wapi?

Mama yako alizoea. Hilo ndilo linaloniuma. Aliimba akikamua mashuka, na wenzake wakimtania kwamba huyu ameshafunga mizigo. Leo chumba chake kimya. Kila anayeingia anamwambia atapona, atarudi kazini, ataona harusi ya mdogo wako. Anaitikia “amina” kwa adabu, mgeni akitoka anageukia ukutani.

Jana nilimkuta akitetemeka, nikadhani ni homa. Akaniambia, “Kaka, kila mtu ananiambia nitakaporudi. Hakuna anayeniambia niendako. Nikifumba macho sasa naona giza tu. Je, kama ndiyo hilo hilo?”

Nilimjibu nilichoweza. Nilimshika mkono, nikamweleza ninayoyaamini, kwa utaratibu, kama somo. Alinisikiliza kama mwanafunzi mwenye njaa anavyomsikiliza mwalimu. Maelezo, mpwa wangu, hayakumfikia mahali pale wimbo ulipokuwa unamfikia. Siwezi kukuficha kwamba nilitoka mle ndani nikiwa na hofu, tena si kwa ajili yake peke yake.

Unaweza kuuliza: mjomba, si wewe ndiye mkubwa, kwa nini usiamuru tu waimbe? Ningeweza, na mdogo wako angenitii huku analia. Lakini mama yako akifia katikati ya wimbo ambao mwanawe wa kwanza ameukataza, jambo hilo utalibeba hadi uzeeni. Naye amekataa. Amesema hataki kuimbiwa kwa wizi. Anataka ruhusa itoke kwako.

Kwa hiyo usinijibu kwa barua, hatuna muda huo. Mpigie mdogo wako, useme, “Imbeni.” Basi. Ukiweza, usikate, akuwekee simu kwenye mto wa mama yako, uimbe na wewe. Unajua maneno yake. Hata ukilia, sauti itafika.

Nilimuuliza kama ana neno la kukutumia. Akasema: “Mwambie mwanangu zile si nyimbo za maiti. Maiti hasikii.”

Mdogo wako anakusalimu. Macho yamemvimba kwa kukesha. Ngurumo anakusalimu, na tangu jana anakaa kibarazani na viatu vyake vya kushona, akingoja kuitwa. Mwenye duka anaomba radhi. Wabusu mapacha, na mkeo mwambie tunamkumbuka.

Bwana akupe moyo wa kumwachilia unayempenda, na atukusanye sote pale ambapo hakuna atakayekatiwa sentensi.

Mjomba wako akupendaye, hata ukiwa umekasirika.