Mazoezi ya Kulala Inje

Lundi, tarehe 1, mwezi wa kumi 2001. Butembo.

Mvua tena. Na miye tena nimelala mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, inje, sawa mbuzi. Nyumba iko pale. Kitanda iko pale. Miye niko chini ya bâche, turubai, juu Papa Kavira, mume wangu, anasema ni mazoezi. Siku moya nitapiga huyu mutu.

Jirani alichungulia asubui, akauliza kama tumegombana. Nikamuambia ndiyo. Ni rahisi kuliko kueleza.

Kavira, binti yetu, iko Beni, na mimba yake inakaribia. Ile ya kwanza ilitoka. Mume wake alifuata bidhaa Kasindi, njia ikamufungia kule. Donc iko peke yake mu nyumba. Alituma neno kwa mutu ya baiskeli: Mama, kuja, naogopa. Basi, naenda. Camion hazipite tena, batu ba bunduki banasimamisha kila gari ku barabara. Tutaenda kwa miguu mu tunjia twa mashamba. Miye, muuza kuku wa soko. Na muzee yangu, aliyebebea bazungu mizigo ku mulima Ruwenzori miaka yote ya mbele ya vita. Anajizani jenerali.

Mardi, tarehe 2.

Somo ya leo: fundo. Namna ya kufunga kamba ya bâche ku muti. Fundo yake inashika upepo wote, lakini ukivuta ncha yake kidogo tu, inafunguka. Nimefunga mupaka bidole binaniuma. Kila mara anakuja, anavuta kamba na kidole kimoya, fundo yangu inaanguka. "Tena, Mama Kavira." Nafunga. Anavuta. "Tena."

Nilimuuliza kama yeye ataacha mikono yake Butembo ao ataibeba. Akacheka. Iko na meno mazuri bado, huyu mujinga.

Mercredi, tarehe 3.

Moto na kuni za maji. Kumbe ukuni uliolowa inje, ndani unakuwa mukavu. Unapasua, unakwangua ile ya katikati nyembamba nyembamba, chini unaweka kipande ya bougie, mushumaa. Alimeti za kuwasha zinakaa mu sachet, mufuko ya plastiki, sachet mu sachet ingine, na zote ku mwili wako, hapana mu muzigo. Muzigo unaweza kupotea. Alisema vile, sikufikiri mingi.

Nilitosha moshi tu. Macho machozi, pua makamasi, hasira. Kisha moto ikawaka kweli! Nilicheza mu lupango mbele ya jirani, mutu muzima. Papa Kavira akanipigia makofi. Nilimupenda sana pale. Sikumuambia, atavimba kichwa.

Jeudi, tarehe 4.

Vita ya mizigo. Alimwanga kitunga yangu yote chini na kuanza kuhukumu. Sufuria moya, kadogo. Kikwembe bibili, nguo za kujifunga: moya ya njia, moya ya kulala. Ile ya kulala haiguswe hata mvua ikupige namna gani, mupaka umefika pa kulala. Unga ya mahindi ya kukaanga. Karanga. Chumvi. Sabuni, hapana ya kuoga: ya kupakaa kavu ku kisigino, botte, kiatu ya mupira, isikuchune. Vizuri. Nilikubali yote.

Kisha akatosha kuku.

Hapo hapana. Kwetu mama akienda kwa binti mwenye kuzala anafika na kuku. Bila kuku ni mugeni tu, mutu amepita kusalimia. Kavira ataangalia mikono yangu, nitaficha wapi uso? Alisema kuku inalia, na kulia mu njia hii inaweza kutuua. Nikasema kuku yangu haitalia. Akasema hapana. Nikasema sawa, mume wangu.

Iko chini kabisa ya kitunga. Maisha yangu yote nauza kuku: ukiifunika na kitambaa nyeusi inazani ni usiku, inanyamaza. Bazungu wake hawakumufundisha hii.

Vendredi, tarehe 5. Tumepita Maboya.

Tumetoka mbele ya jua. Anatembea pole pole, pole pole, sawa mutu anasindikiza mugonjwa. Anasema mulima iko vile: mwenye kukimbia asubui, magaribi anabebwa. Sawa. Lakini kila fasi njia inagawanyika ananiuliza miye: "Sasa wapi?" Kwani miye ndiye guide? Nilianza kuangalia chini. Njia yenye nyayo za bamama na majani ya ndizi yameanguka, ile inaenda ku soko, ina batu. Njia ya nyayo za botte tupu, za baaskari, tunaiepuka. Nilichagua vibaya mara moya tu. Alifurahi sawa miye mutoto wa masomo ya kwanza.

Tumelala juu ya kijito, hapana karibu. Anasema baridi ya usiku inashuka sawa maji na kulala chini. Nilifunga bâche miye. Nilichimba kamufereji ya mvua miye. Moto miye. Yeye alikaa. Alikaa tu, ku jiwe, akinyoosha muguu! Nilimuambia bazungu walimulipa bure.

Samedi, tarehe 6.

Naandika mubaya.

Asubui, mu shamba ya kahawa, tulisikia Lingala, luga ya baaskari. Basoda, bengi, na kiredio ya muziki. Tulichutama kati ya miti. Balipita karibu sana, nilisikia harufu ya tumbako yao. Kuku mu kitunga: kimya. Hata manyoya haikutikisika. Goti ya Papa Kavira ndiyo ililia. Ka! Sawa ukuni. Na yeye akaguna. Nilimufunga mudomo na mukono yangu, nikasikia meno yake yanagongana. Eh Mungu, Mama Maria. Muziki ikaenda mbali. Ikaisha.

Hakuweza kusimama. Nilikunja suruali yake. Goti imekuwa sawa papai.

Namuuliza tangu lini. Tangu mwezi wa nane. Mwezi wa nane! Na miye nalala naye kitanda moya, mutu mwenye anajua kuficha! Pale kitambaa nyeusi ikateleza, kuku ikaona jua, ikaimba. Akaangalia kitunga. Miye nikaangalia goti. Hakuna aliyekuwa na kinywa cha kugombeza mwenzake.

Halafu akasema yote. Kupanda haimusumbue. Kushuka ndiyo inaua goti, na kutoka Kabasha mupaka Beni ni kushuka tu. Alijua tangu Butembo kama hatafika. Fundo, moto, kutembea mbele, kuchagua njia, yote ilikuwa juu yangu, nifike kwa Kavira peke yangu. "Ningekuambia, ungekataa kutoka."

Ni kweli. Ningekataa. Na sasa niko hapa, kurudia ni mbali sawa kwenda mbele, na mutoto wangu anangoja. Amenishika. Nimekasirika naye, sijakasirika hivi tangu anioe. Na nilimuegemeza begani mupaka Kabasha, pole pole, na sikutaka afike haraka.

Dimanche, tarehe 7.

Chini ya bâche. Peke yangu. Mwanga bado kidogo.

Tulilala Kabasha kwa mama moya mujane, mu-Protestanti, na bana bake. Siye ba-Catholique, hakuuliza. Alichemusha maji ya chumvi kwa ajili ya goti, akamupa Papa Kavira kitanda ya mutoto wake mukubwa. Atabaki pale mupaka goti ishuke. Wasingya, aksanti, mama. Sina kitu ingine cha kukupa.

Asubui aliniita inje, na fimbo. Mawingu yalifunguka. Ruwenzori, ile yote, na juu nyeupe, nyeupe kweli. Miaka yote ananihadisia ile barafu, nilizani ni bongo, uongo ya banaume. Alinionyesha fasi balikuwa banalala, juu kabisa, na baridi ilikuwa inapasua midomo. Alisema kule alikuwa ananifikiri miye na blanketi yetu. Nilikuwa na hasira bado.

Alinipakaa sabuni ku kisigino yeye mwenyewe, ameinama na ile goti. Alipanga kitunga upya, bizito juu karibu na mugongo. Kuku akaiweka na mikono yake, akaacha tundu ya kupumua. "Kunywa maji mbele ya kiu, Mama Kavira. Na ukishuka, hatua ndogo." Nikabeba. Nikaenda. Sikumuaga muzuri. Sikugeuka hata.

Kutwa nzima ile iko inanichoma kuliko kamba ya kitunga.

Lundi, tarehe 8. Beni!

Mvua ilikuja na hasira usiku. Kamufereji ilibeba maji. Bâche ilipigwa mupaka nikazani inaruka. Fundo ilishika, zote. Nililala. Miye! Peke yangu mu pori, nikakoroma.

Asubui nikafungua kikwembe kikavu, ile ya kulala; usingizi ulinishika mbele niiguse. Kuku ilitagia mule, na yai ilipasuka. Nilicheka peke yangu sawa mwenda wazimu. Kisha nililia kidogo.

Hatua ndogo. Kuchagua njia. Kunywa maji mbele ya kiu. Kisigino haikuchunika. Niliingia kwa Kavira jua ingali juu. Iko munene, miguu imevimba, alikuwa anafagia. Aliangusha ufagio. Nikamupa kuku mbele ya kitu yote. Aliishika ku kifua na kulia. Halafu akaangalia nyuma yangu, mu njia. "Na Papa?"

Mercredi, tarehe 10.

Amezala! Alfajiri. Binti. Muzito sawa mutu muzima, sauti ya muuza samaki. Kavira muzima, anacheka, analala, anacheka. Nilimuosha mutoto na mikono hii. Mikono inanuka moshi bado.

Supu ya kuku iko ku moto. Mungu, aksanti. Hii moya umetupa.

Vendredi, tarehe 12.

Mutu ya baiskeli anasema risasi zililia juzi upande ya Kabasha. Risasi gani, wapi, nani? Hajui. Kazi yao kuleta habari nusu.

Nimemuambia Kavira Papa iko muzima. Sauti ilitoka muzuri. Nilienda kulia ku choo.

Samedi, tarehe 13.

Hakuna neno. Mutoto ananyonya muzuri. Sikule.

Juu ya nini sikugeuka? Ni shingo tu. Kugeuza shingo.

Dimanche, tarehe 14.

Nimeamua. Kesho kutwa narudi kumutafuta. Kavira ana nguvu, na jirani yake ni mutu muzuri. Njia naijua. Kupanda hainiogopeshe. Nimepanga kitunga: bâche, kamba, alimeti ku mwili, sabuni, kikwembe ya kulala. Hii mara sina kuku. Kavira anasema nimeanza kuzungumuza sawa Papa yake. Nikamuambia anyamaze.

Jirani anasema barabara imetulia kidogo, chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, zimeanza kushuka na mboga. Sijui. Sitaamini mupaka nione.

Lundi, tarehe 15.

Amefika.

Juu ya chukudu, kati ya mashu, kabichi tupu, amekaa sawa chef wa kijiji, fimbo ku magoti. Ile baiskeli ya mbao ilishuka mulima yenyewe, mwenye chukudu alikuwa anashika tu. Risasi hazikufika kwa yule mama. Goti imeshuka nusu. Alinunua shu moya ya kuniletea, eti mutu haingie mikono mitupu. Kavira alicheka mupaka tumbo ikamuuma.

Alibeba mujukuu wake mu mikono muchana wote. Mutoto alimukojolea, hakumurudisha.

Magaribi alitoka inje na fimbo yake. Nimefunga kamba ya nepi kati ya nyumba na muti ya avoka. Nilikuwa naosha sufuria, nikamuona anaenda polepole mupaka ku muti. Akavuta kamba na kidole kimoya. Ikashika. Akavuta tena, na mukono yote. Ikashika.

Nilingoja aseme "tena". Hakusema. Alikuja kukaa karibu yangu ku kibao, akanyoosha muguu, akanisaidia kupanguza sahani. Ile kwaheri ya Kabasha nilikuwa nayo mu koo bado, na sikuona nitaifanyia nini. Nikamuambia tu: karibu. Akasema: aksanti, Mama Kavira.

Iko analala sasa. Ndani, ku kitanda. Mvua imeanza, kidogo tu, ku mabati.