Nilikata Kabla ya Kuuliza

Kibet,

Mimi ni kogo yako, bibi yako. Kalamu siijui, kwa hivyo mimi nasema na dada yako Cherono anaandika. Nimemwambia asipambe maneno.

Ni miezi mitatu tangu tukuzike. Majani ya chai tunachuma bila wewe. Yule ng'ombe mkali amezaa. Ile taa uliweka jikoni, ya kutuambia kama tanki iko na maji, bado inafanya kazi.

Unakumbuka vile ilikusumbua? Maji iko ndani kidogo, nayo taa inakataa kuwaka. Nikakuita mjinga mwenye digrii. Ukakaa na kompyuta siku mbili, kisha ukaanza kucheka peke yako. Ukaniambia, "Kogo, hii lugha ya kompyuta, C, ukiitaka ijibu ndio ama hapana, inaangalia namba. Sifuri ni hapana. Zingine zote ni ndio, hata nusu, hata ile iko chini ya sifuri." Kosa lilikuwa lako. Kipimo cha maji kikisema nusu, ulikuwa unaikata kwanza iwe namba nzima, inabaki sifuri, ndipo unauliza kama maji iko. "Nilikata kabla ya kuuliza, Kogo."

Nilikucheka mpaka nikashika mbavu. Mtoto wangu, sikujua nacheka nini.

Ile asubuhi ulishika tumbo. Nikauliza kama inauma. Ukasema, "Kidogo tu, Kogo." Na mimi hiyo kidogo nikaikata. Nikaifanya sifuri. Nikakupea chai ya rangi, nikabeba kikapu nikaenda, kwa sababu gari la majani halingoji mtu. Niliporudi ulikuwa umejikunja sakafuni, na midomo... Cherono, andika tu. Midomo ilikuwa nyeupe. Daktari alisema utumbo ulipasuka mapema. Kanisani wanasema ni Mungu. Mungu hakuwa na kikapu mgongoni. Mimi ndiye nilikuwa nacho.

Juzi Cherono alisema kichwa kinamuuma kidogo. Nikamburuta mpaka zahanati ya Kimulot nikiwa bado na gambuti zangu za shamba miguuni, watu wakitutazama. Wakasema hana kitu, alale tu. Hata sasa ananikunjia uso akiandika hii. Akunje.

Kwaheri, Kibet. Sikuombi unisamehe, hiyo ni yako, utaamua huko uliko. Lakini nakuahidi: huyu dada yako nitamchosha na hospitali mpaka anichukie, na atanichukia akiwa mzima.