Kunde Bila Maziwa

Mpendwa Mama Mkwe,

Jana tulikuwa nyumbani kwako Mautuma. Mahindi yamebeba vizuri. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limetokea jikoni kwako, na wewe ndiwe ambaye ningemsimulia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Unakumbuka siku Wekesa aliponileta kwenu mara ya kwanza kutoka Shinyalu? Ulikuwa umenichinjia jogoo. Mimi pia ni mtoto wa Kiluhya, nilijua uzito wa ingokho mbele ya mgeni. Kwa hiyo niliposema kwamba sili nyama wala samaki, mayai wala maziwa, niliona nyuso zikibadilika mezani. Wengine waliuliza kama ni dini au ni tumbo. Wewe uliuliza, "Sasa utakula nini, mama?"

Ukaniletea kunde. Tonge la kwanza tu, nikaonja maziwa. Nilitaka kumeza ninyamaze, lakini uliniona.

"Ni maziwa? Lakini hiyo si nyama!"

Ulishangaa, kisha ukacheka mpaka ukashika kiuno, ukatoka na kikapu kuchuma kunde nyingine. Wenzetu walikuwa wamekwisha kula na kunawa mikono tulipoanza kula, mimi na wewe.

Tangu hapo ulianza kumwona ng'ombe ndani ya kila sufuria. Uligundua mwenyewe kwamba jirani hukanda chapati kwa maziwa, na kwamba wali wa hoteli ya sokoni hutiwa samli. Ulinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyemshika mwizi: "Sikia, ata mandazi! Wanawekanga mayai!"

Halafu ile harusi ya Mayoni, alipoolewa wifi yangu. Mpishi mkuu aliapa kwamba maharagwe hayana nyama. Ulichukua mwiko, ukakoroga hadi chini kabisa, ukainua mfupa wa goti juu watu wote wauone.

"Na huyu ni nani?"

"Hiyo ni ya ladha tu," mpishi akajibu kwa hasira. "Kwani huyo mkamwana wako ni mgonjwa?"

"Hana ugonjwa. Hakulangi kitu ya ng'ombe. Nipatie viazi nimchemshie."

Nilikuwa nyuma yako, nimeinamisha kichwa kwa aibu. Sasa naelewa. Kumuuliza mtu alichotia katika chakula chake ni kama kumwambia kwamba humwamini, na jambo hilo ni zito mno kwa mgeni. Wewe ulilibeba kwa niaba yangu, kila tulipotoka, bila kuniambia kwamba linalemea.

Niliujua uzito wake baada ya kukuzika. Kazi ilinipeleka Mumias peke yangu. Nikaingia hotelini, nikauliza kwa upole kama ndengu zina nyama. "Hakuna, madam," mhudumu akasema, na nilikuwa nimekula nusu ya sahani alipopita tena akaongeza, akitabasamu, "Ni supu ya mifupa tu tumetia, ndio maana ni tamu." Hakuwa na nia mbaya. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikalia kando ya barabara huku trekta za miwa zikipita. Nilikuwa na njaa, lakini sikulilia njaa. Sasa huwa siulizi kama kuna nyama. Nauliza wametia nini, kimoja baada ya kingine, nao wakichoka nami, basi.

Sasa nikwambie ya jana. Nilikwenda Mautuma na Wekesa, nikiwa na ndizi na njugu kwenye mkoba, kwa sababu nilijiambia kwamba pale pia sasa nitajilisha mwenyewe. Nikakuta moshi jikoni kwako. Nilidhani ni jirani. Alikuwa Baba. Unamjua: maisha yake yote hajawahi kuchochea moto ule, na tangu nilipoolewa hatujawahi kukaa karibu, kwa heshima ya ukwe. Aliweka bakuli mezani, akarudi nyuma hadi mlangoni, akaongea akitazama nje.

"Ni kunde. Nimetia njugu ya kusaga. Maziwa, ata tone haijaingia huko."

"Nani alikufundisha, Baba?"

"Mama yenu alikuwa anapika, mimi nikiwa hapo nje nasikiza redio. Mtu anaona."

Wekesa alinitazama, nami sikuweza kumtazama. Kunde zilikuwa ngumu, Mama, chumvi imezidi, na mchanga ulikuwa unasagika menoni. Nilikula zote. Kisha nikamwambia Baba, pale alipokuwa amesimama, kwamba kama zimebaki aniongezee. Akageuka haraka kuingia jikoni, na tulimsikia akikwangua sufuria.

Pumzika vyema, Mama. Huku kwako nimeshiba.

Ni mimi,
mkamwana wako