Inzi Mwenye Mabawa ya Kavera

Jumatatu, 4 Novemba
Ndoano kwenye jiliwa, imebanwa. Uzi wa kahawia, mizunguko sita. Mkia wa nyuzinyuzi tatu za unyoya. Mwili. Unyoya wa shingo ya jogoo, mizunguko minne. Fundo, tone la gundi. Huyu ni inzi wangu wa saba wa bandia, wa kuvulia samaki, tangu Jumamosi. Mama Mdogo Neema hufunga ishirini wakati mimi nafunga mmoja. Anawafungia karakana moja hapa Luzira, nao huwauzia watu wanaovua samaki mitoni kwa kujifurahisha.

Kila inzi hupimwa kwenye glasi ya maji. Akielea, amepita. Akizama, anakatwa kwa wembe hadi ibaki ndoano. Wangu wanne walizama kwa sababu nilitumia manyoya ya tetea. Laini mno. Ni jogoo tu.

Mama Mdogo ana sheria moja: ndoano haiondoki mezani. Mwanawe Daudi ana miezi kumi na anatambaa.

Jumanne, 5 Novemba
Niandike kwa mpangilio.

Leo nilimwongezea inzi wangu mabawa. Mama Mdogo alishasema inzi rahisi hana mabawa, nisijisumbue. Alipokwenda kupeleka kazi, nilikata kavera, mfuko mweupe wa plastiki, nikapata mabawa mawili marefu. Akawa kumbikumbi kabisa. Nilijivuna. Nikampeleka kitandani kumlinganisha na mchoro wa kitabu cha baiolojia.

Mvua ikakatika. Kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini, mtaa mzima ukapiga kelele. Mama yangu akaniita nilete beseni la maji, tuliweke chini ya taa ya kibarazani. Nikakimbia, inzi nikamwacha kitandani. Niliacha mlango wa chumba wazi.

Waliingia hadi ndani. Daudi aliwaokota sakafuni akawala, mabawa na yote. Mama alicheka, akasema mtoto huyu hajui kwetu Bukavu lakini amekwisha kuwa mtu wa Kampala. Kisha akafagia waliobaki chumbani, akawamimina besenini pamoja na wenzao.

Niliporudi kitandani, inzi wangu hakuwepo.

Jumatano, 6 Novemba
Hayupo. Nimekung'uta mablanketi, shuka, sare, kila kitabu. Nimetembea pekupeku chumba kizima nikitumaini atanichoma mguu. Hakunichoma.

Daudi anaokota kila kitu chenye mabawa. Mimi nimetengeneza kitu chenye mabawa.

Nilimfungua kinywa kwa kidole, akaniuma. Nilichunguza nepi yake kwa kijiti.

Sijasema. Kila nikifungua mdomo, Mama Mdogo ananiuliza kama nina njaa.

Alhamisi, 7 Novemba
Amekataa uji. Anatokwa mate mengi, kifua chote kimelowa. Mama Mdogo anasema ni meno.

Nilikwenda maktaba ya shule nikasoma juu ya umio, njia ya chakula. Heri nisingesoma. Sasa najua upana wake kwa mtoto mdogo.

Mimi ni mwoga. Sina neno jingine.

Ijumaa, 8 Novemba
Alfajiri Daudi alitapika. Nikasema.

Nilikuwa mlangoni, nimevaa sare. Maneno yalitoka nusunusu: kitanda, mabawa, ndoano. Mama Mdogo alikuwa ameshika kijiko. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Siku tatu, Furaha," alisema. "Siku tatu unaniangalia namlisha."

Tulipanda boda moja, Daudi katikati yetu. Hospitalini walitaka kujua ndoano ni kubwa kiasi gani. Niliichora kwenye kiganja changu, maana daftari nililisahau. Wakamwingiza kupigwa picha. Alilia humo ndani, kisha akanyamaza. Kunyamaza kulinitisha kuliko kulia.

Daktari aliinua picha dirishani. Mbavu nyembamba kama miiba ya samaki. Alisema hakuna chuma humu, kuanzia kooni hadi tumboni. Kuna meno mawili ya juu yanayokuja, na tumbo limechafuka kidogo. Mama Mdogo alikaa chini palepale sakafuni. Nilitaka kumshika bega. Sikuthubutu.

Tulipofika nyumbani Mama Mdogo akauliza, "Basi iko wapi?"

Amemfunga Daudi mgongoni. Amesema mtoto hagusi sakafu mpaka ndoano ionekane. Anapika naye, anafunga inzi naye, amelia naye mgongoni.

Jumamosi, 9 Novemba
Asubuhi nilikuwa nafua. Mama aliteremsha kumbikumbi waliokuwa wakikauka juu ya bati. Alisema atawapepeta, awakaange, ampelekee kikombe kimoja jirani yetu, mke wa askari magereza, maana wanawe wanawapenda sana.

Nikakumbuka ufagio wa Mama wa Jumanne.

Nimemfunga inzi afanane na kumbikumbi. Nimemfunga aelee. Angekwenda wapi kwingine?

Nilimwomba Mama asiwaguse, aniachie ungo. Akauliza tangu lini msomaji huyu anapenda kupepeta. Nilikaa chini, nikawachukua mmoja mmoja kwa ncha za vidole. Kumbikumbi mkavu ukimgusa tu, mabawa yanaanguka. Yalianguka, yakapeperuka hadi kwenye nguo nilizoanika. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya saa moja. Mgongo uliuma. Niliwaza wale watoto wa jirani na kikombe chao.

Mmoja mabawa yake hayakuanguka.

Nilimpeleka kwa Mama Mdogo juu ya kiganja. Akajaza glasi maji, akamweka juu. Akaelea wima, mabawa juu.

"Umemfunga vizuri," alisema. Kisha akanipa wembe.

Nilikata mwenyewe. Kavera, unyoya, uzi, mpaka ikabaki ndoano tupu. Akaipokea, akairudisha kwenye kopo, akafunga kifuniko.

Halafu akafungua kitenge, akamteremsha Daudi mgongoni, akamweka sakafuni.