Mtungi wa Baba Seorin

Mama Dongju, uko? Nimetoka kwenye maonyesho ya Seorin sasa hivi. Niko kituo cha basi.

Binti yangu karudi kutoka Denmaki, profesa na mfinyanzi mkubwa, wageni wanampigia makofi. Katikati ya ukumbi naukuta mtungi wangu wa mchuzi wa soya! Ule ule aliouchukua uani kwangu, akadai ni wa kufundishia wanafunzi.

Chini yake kibao: "Mfinyanzi hajulikani."

Hajulikani! Na baba yake Seorin, aliyeufinyanga, kasimama hapohapo! Yale majani ya ubavuni mwa mtungi aliyachora mwenyewe kwa vidole kabla ya kuuchoma, na pengo la kile kidole chake kilichokatika linaonekana wazi.

Nikamvuta Seorin pembeni. "Nani kaandika hivi?"

"Mimi, mama. Mitungi ya zamani ndivyo inavyoandikwa. Huko nje wanapenda hivyo."

"Ya zamani? Aliufinyanga mwaka uliozaliwa wewe!"

"Mama, punguza sauti, watu wanasikia."

Watu wanasikia! Hilo ndilo lililomuuma.

Mzee wangu akanyoosha vidole juu ya ile michoro, vikalingana sawasawa. Akasema tu, "Haujapata ufa." Basi.

Halafu bila haya Seorin ananiambia Jumatatu anakuja nyumbani, baba amchomee vyungu vya maonyesho ya Paris, maana tanuru letu hakuna mwingine anayeliweza.

Nikamjibu mbele ya wageni wake wote: "Kamtafute huyo Asiyejulikana akuchomee."